Je, 4,294,967,297 ni namba tasa? Vigawo vyake na namna ya kuvipata kwa kalamu na karatasi

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, mchepuo wa PCM. Tumepewa namba 4,294,967,297 tueleze sifa zake tunazoweza kuzithibitisha wenyewe. Niligawanya kwa namba tasa zote hadi 200, hakuna iliyoingia. Nikaandika programu ya Python inayopandisha 2 kwa kipeo cha N − 1 na kuangalia baki, ikasema ni tasa. Mwenzangu anasema si tasa. Nani yuko sahihi, na nithibitisheje kwa mkono? Halafu nilipoihamishia namba hiyohiyo kwenye C, ilichapa 1 badala ya namba yenyewe. Kwa nini?

Jibu: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi. Namba hiyo ni zao la 641 na 6,700,417, na hizo mbili zote ni tasa. Programu yako ya Python haikukosea hesabu hata kidogo. Jaribio ulilolichagua ndilo linalopitwa na namba hii, na sababu yake nitakueleza. Tuiite N ili tusiandike tarakimu kumi kila mara.

Kwanza kuhusu kazi uliyokwisha kuifanya. Namba tasa hadi 200 ziko 46. Ukizipanga kuanzia 2, basi 641 ni ya 116, kwa hiyo ulikuwa umebakiza 70 tu. Lakini hukuwa na njia ya kujua hivyo. Kama N ingekuwa tasa kweli, ungelazimika kugawanya hadi ufike kwenye kipeuo chake cha pili, yaani karibu 65,536, na hadi hapo namba tasa ni 6,542. Hiyo si kazi ya kalamu. Kabla hujaanza kugawanya namba kubwa, tafuta kwanza imejengwaje.

Bonyeza kipeuo cha pili cha N kwenye kikokotoo cha tarakimu kumi utapata 65536.00001. Jibu linalokaribia namba nzima kiasi hicho linataka uangalie jirani. Zidisha 65,536 kwa yenyewe: unapata 4,294,967,296, pungufu ya N kwa 1. Na 65,536 ni 256 × 256, na 256 ni 2⁸. Kwa hiyo N = 65,536² + 1 = 2³² + 1. Tangu hapa tarakimu kumi hazina kazi kubwa tena. Umbo 2³² + 1 ndilo litakalotufanyia kazi karibu yote.

Tahadhari moja kuhusu kikokotoo. Kipeuo halisi ni 65,536.0000076 hivi. Kikokotoo kinachoonyesha tarakimu chache kitakuandikia 65536 bila desimali, nawe utaapa kwamba N ni mraba kamili. Vivyo hivyo N ÷ 65,536 ni 65,536.000015, na skrini ndogo itakata sehemu hiyo, ionekane kama namba witiri imegawanyika kwa namba shufwa. Dawa yake ni ileile siku zote: chukua jibu, lizidishe tena kwa kigawanyo, ulinganishe tarakimu ya mwisho. 65,536 × 65,536 inaishia na 6, N inaishia na 7. Imetosha.

Majaribio madogo ya kugawanyika yanapita haraka. Jumla ya tarakimu za N ni 59, kwa hiyo 3 haiingii. Kwa 7, 11 na 13 tumia 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13: kata namba kwa makundi ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu. 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Hiyo −380 haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13, basi na N haigawanyiki. Kisha kuna hili: N − 2 ni 2³² − 1, na tofauti ya miraba inaivunja hatua kwa hatua:

2³² − 1 = 65,537 × 65,535 = 65,537 × 257 × 255 = 65,537 × 257 × 17 × 15

Maana yake N ikigawanywa kwa 3, 5, 17, 257 au 65,537, baki ni 2 kila mara. Weka hiyo 257 akilini, tutaihitaji.

Sasa twende kwenye moyo wa jambo. Chukua p kuwa kigawo tasa chochote cha N. Hatukijui, lakini tunajua kwamba 2³² + 1 inagawanyika kwa p, yaani 2³² ikigawanywa kwa p huacha baki p − 1, ambalo nitaliandika −1 kwa kifupi. Anza na 1, uzidishe kwa 2 mara kwa mara, na kila ukizidi p utoe p. Baada ya hatua 32 umefika −1. Baada ya hatua 32 nyingine umefika (−1) × (−1), yaani umerudi kwenye 1. Mzunguko huo una hatua 64 kamili, haufupiki. Kama ungekuwa mfupi zaidi, urefu wake ungelazimika kuigawanya 64, kwa hiyo ungekuwa 32 au 16 au 8 na kuendelea kushuka, na hapo baada ya hatua 32 tungekuwa tumerudi kwenye 1, ilhali tuko kwenye −1.

Chukua sasa baki lolote lingine a, kati ya 1 na p − 1, ulizidishe kwa 2 vivyo hivyo. Nalo litazunguka kwa hatua 64 na kurudi lilipoanza, wala haliwezi kurudi mapema, kwa sababu p ni tasa na haiigawanyi a. Mizunguko miwili ikikutana mahali pamoja ni mzunguko mmoja. Basi mabaki yote p − 1 yamejigawa makundi makundi, kila kundi lina wanachama 64, hakuna aliyebaki nje. Kwa hiyo p − 1 inagawanyika kwa 64. Kila kigawo tasa cha N ni cha umbo 64k + 1.

Sharti hilo lilithibitishwa na Leonhard Euler, ambaye ndiye aliyeipata 641 mwaka 1732, akiwa St. Petersburg. Pierre de Fermat alikuwa ameamini tangu 1640 kwamba namba zote za aina hii, 2 ikipandishwa kwa 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kisha kuongezwa 1, ni tasa. Tano za kwanza ni kweli tasa: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Namba hizi huitwa namba za Fermat, na ya sita ndiyo N yetu. Christian Goldbach alimwuliza Euler kuhusu dai hilo kwa barua ya 1729, na miaka mitatu baadaye likavunjika hapo kwenye ya sita. Ukiorodhesha namba za umbo 64k + 1 na kubakiza zilizo tasa, unapata 193, 257, 449, 577, 641. Kigawo kinaangukia kwenye jaribio la tano.

Tunaweza kubana zaidi. Tazama namba x = 2²⁴ − 2⁸. Mraba wake ni 2⁴⁸ − 2 × 2³² + 2¹⁶. Toa 2¹⁶ kama kigawo cha vipande vya kwanza na cha mwisho: 2¹⁶ × (2³² + 1) − 2 × 2³². Kipande cha kwanza kinagawanyika kwa N, kinafutika. Katika kipande cha pili 2³² ni −1, kwa hiyo kinabaki +2. Yaani x² huacha baki 2. Basi x ni kama kipeuo cha pili cha 2 katika ulimwengu huu wa mabaki, na ukizidisha kwa x badala ya 2, mzunguko unakuwa mrefu mara mbili: unafika −1 kwenye hatua ya 64 na kurudi 1 kwenye hatua ya 128. Hoja ya makundi inajirudia neno kwa neno, na sasa p − 1 lazima igawanyike kwa 128. Ubanaji huu huhusishwa na Mfaransa Édouard Lucas, 1878.

Ukiwa na sharti la 128k + 1, watuhumiwa wa kwanza ni 129, 257, 385, 513 na 641. Tunataka tasa tu. 129 ni 3 × 43. 385 inaishia na 5. 513 jumla ya tarakimu zake ni 9. Wote watatu hawafai. 257 tayari tunajua inaacha baki 2. Anayefuata ni 641, naye ndiye. Kutoka majaribio 116 tumeshuka hadi moja.

Kupima 641 huhitaji kugawanya namba ya tarakimu kumi. Panda kwa miraba:

2⁸ = 256
2¹⁶ = 65,536 = 641 × 102 + 154, baki 154
2³² ina baki sawa na 154² = 23,716 = 641 × 36 + 640, baki 640, yaani −1

Kwa hiyo 2³² + 1 inaacha baki 0. Mistari mitatu, na kwenye mtihani inatosha kabisa. Kuna njia nyingine inayopendeza zaidi, isiyohitaji kugawanya hata mara moja. 641 inaandikika kwa namna mbili: 5 × 128 + 1, na 625 + 16. Ya kwanza inasema 5 × 2⁷ ni −1. Pandisha kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Ya pili inasema 5⁴ ni −2⁴. Weka mahali pake: −2⁴ × 2²⁸ ni 1, yaani 2³² ni −1. Wanafunzi wengi huikariri bila kuona kwamba nguvu yake iko kwenye bahati ya 641 kuandikika hivyo mara mbili. Kwa namba nyingine usiitegemee. Ile ya miraba inafanya kazi popote.

Sasa gawanya N kwa 641 upate 6,700,417, na hakikisha kwa kuzidisha: 6,700,417 × 600 = 4,020,250,200, na × 41 = 274,717,097; jumla ni N kamili.

Hapa ndipo wengi huacha, nao wanapoteza alama, kwa sababu hawajaonyesha kwamba 6,700,417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili ni kama 2,588.5. Kwa njia ya kawaida ungegawanya kwa mamia ya namba tasa. Lakini kumbuka: kigawo tasa chochote cha 6,700,417 ni kigawo cha N pia, kwa hiyo nacho kinabanwa na sharti la 128k + 1. Namba za umbo hilo zisizozidi 2,588 ni 20, kuanzia 129 hadi 2,561. Chuja zisizo tasa. Nyingi zinaanguka zenyewe kwa 3, 5 au 7. Zinazosumbua macho ni 1,537 ambayo ni 29 × 53, 1,793 ambayo ni 11 × 163, 1,921 ambayo ni 17 × 113, na 2,561 ambayo ni 13 × 197. Zinabaki tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Tugawanye:

6,700,417 = 257 × 26,071 + 170
6,700,417 = 641 × 10,453 + 44
6,700,417 = 769 × 8,713 + 120
6,700,417 = 1,153 × 5,811 + 334
6,700,417 = 1,409 × 4,755 + 622

Hakuna baki 0. Basi 6,700,417 ni tasa, na umethibitisha kwa migawanyo mitano. Usiruke mstari wa 641 kwa kudhani imekwisha kutumika. Namba tasa inaweza kuingia mara mbili, kama 7 inavyoingia ndani ya 49, na ni huo mstari unaokataza.

Turudi kwa Python yako. Jaribio ulilotumia linasema: kama N ni tasa, basi 2 ikipandishwa kwa N − 1 huacha baki 1. Hiyo ni kweli. Kinyume chake ndicho si kweli: baki kuwa 1 hakulazimishi N kuwa tasa. Na kwa namba yetu matokeo yalikuwa yamepangwa tangu mwanzo. N inaigawanya 2³² + 1 kwa sababu ndiyo yenyewe, kwa hiyo 2⁶⁴ inaacha baki 1. Kipeo chako N − 1 ni 2³², ambayo ni kigawe cha 64. Basi 2 kwa kipeo hicho lazima iache 1, namba iwe tasa au isiwe. Umeuliza swali kwa kutumia kifaa kilekile kilichoijenga namba, ikakujibu kwa heshima. Hata toleo kali zaidi la jaribio hili, lile linaloangalia kama njiani ulipita −1, N inalipita kwa 2.

Badilisha kitako, yaani ile namba inayopandishwa, kuwa 3. Andika pow(3, N-1, N) na Python itakurudishia 3,029,026,160. Si 1, kwa hiyo N si tasa, umemaliza. Kwa namba za Fermat kuna jaribio la Théophile Pépin la 1877 ambalo haliachi shaka upande wowote: pandisha 3 kwa nusu ya N − 1, yaani 3 ijizidishe kwa yenyewe mara 31 mfululizo huku ukichukua baki kila hatua. Ikifika N − 1 ni tasa, isipofika si tasa. Kwa N yetu inafika 10,324,303, mbali na 4,294,967,296 iliyotakiwa. Ukizidisha hiyo 10,324,303 kwa yenyewe na kuchukua baki tena, unarudi kwenye 3,029,026,160 ya hapo juu, ndiyo njia ya kuhakiki kwamba hukukosea. Angalia hata hivyo kwamba jaribio hili linakwambia N ina vigawo bila kukuonyesha hata kimoja.

Na ile 1 ya C? Kigezo (nafasi ya kuhifadhi namba) kisicho na alama ya hasi, chenye biti 32, kinabeba kuanzia 0 hadi 4,294,967,295. N iko mbili juu ya hapo. Ukiiandika kwa 0 na 1 ni biti 33: 1 mwanzoni, sifuri 31, na 1 mwishoni. Kompyuta inakata biti ya juu isiyo na nafasi, zinabaki sifuri na ile 1 ya mwisho. Ndiyo 1 uliyoiona. Tumia aina ya biti 64, na kwenye Java usisahau herufi L mwishoni mwa namba, la sivyo haikubali hata kutafsiriwa.

Lakini biti 64 nazo zina shimo, na N inalikanyaga barabara. Unapochukua mabaki, baki kubwa kabisa ni N − 1, ambayo ni 2³². Mraba wake ni 2⁶⁴ = 18,446,744,073,709,551,616. Kigezo cha biti 64 kisicho na alama kinaishia moja tu kabla ya hapo. Kwa hiyo ungeandika jaribio lako la 2 kwenye C bila uangalifu, lingefika 2³², lingejizidisha, lingepata 0 badala ya 1, na programu ingetangaza kwamba N si tasa. Jibu lingekuwa sahihi na hesabu ingekuwa mbovu. Hilo ni hatari kuliko kosa la wazi, maana hutalitafuta. Python haina tatizo hilo kwa kuwa namba zake nzima zinakua kadiri ya haja.

Sifa nyingine za N sasa zinafuata kwa wepesi kutokana na vigawo. Ina vigawo vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Jumla yake ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Ukiondoa N yenyewe vinabaki 6,701,059, kiasi kidogo mno mbele ya N, kwa hiyo haikaribii kabisa kuwa namba kamilifu kama 6 au 28. Namba kuanzia 1 hadi N zisizo na kigawo cha pamoja na N zaidi ya 1 ni 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240. Makosa ya kawaida hapa ni kuongeza 1 mahali pa kutoa 1: jumla ya vigawo huongeza, hesabu hii ya pili hutoa.

Sifa ninayoipenda kuliko zote ni ya miraba miwili. N = 65,536² + 1², hilo tulilijua. Vigawo vyake navyo vinaandikika hivyo: 641 = 25² + 4², na 6,700,417 = 2,556² + 409². Kuna kanuni ya kale inayosema zao la jumla mbili za miraba ni jumla ya miraba, tena kwa namna mbili. Zidisha kwa kukingamisha: 25 × 2,556 = 63,900 na 4 × 409 = 1,636; halafu 25 × 409 = 10,225 na 4 × 2,556 = 10,224. Jumlisha jozi ya kwanza na toa ya pili: 65,536 na 1, ile tuliyoijua. Geuza, toa ya kwanza na jumlisha ya pili: 62,264 na 20,449. Kwa hiyo

4,294,967,297 = 65,536² + 1² = 62,264² + 20,449²

Na 20,449 yenyewe ni 143². Namba witiri iliyo tasa haiwezi kuandikika kama jumla ya miraba miwili kwa namna mbili tofauti, kwa hiyo mstari huo mmoja ni uthibitisho kamili kwamba N si tasa. Tena unakurudishia vigawo, kwa njia ya Euler. Toa shufwa kwa shufwa: 65,536 − 62,264 = 3,272. Toa witiri kwa witiri: 20,449 − 1 = 20,448. Tafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 3,272 na 20,448: 20,448 inaacha 816, 3,272 ikigawanywa kwa 816 inaacha 8, na 8 inaingia. KKS ni 8. Fanya hivyohivyo kwa majumla: 65,536 + 62,264 = 127,800, na 20,449 + 1 = 20,450. KKS yake ni 50. Chukua nusu za hizo mbili, 4 na 25, na 4² + 25² = 641. Kigawo kimetoka bila kugawanya N kwa chochote.

Ukiulizwa kuhusu maumbo, kuna jambo moja la kutaja. Gauss alionyesha mwaka 1796 kwamba umbo sawa la pande 17 linachorwa kwa rula na bikari peke yake, na Wantzel akakamilisha sharti mwaka 1837: idadi witiri ya pande inakubali tu ikiwa ni zao la namba za Fermat zilizo tasa, kila moja mara moja tu. N si zao la namna hiyo, kwa sababu 641 si namba ya Fermat, kwa hiyo umbo lenye pande N halichoreki. Lakini jirani yake 4,294,967,295 ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, na ndiyo idadi witiri kubwa kabisa ya pande inayojulikana kuchoreka, maana baada ya 65,537 hakuna namba nyingine ya Fermat iliyowahi kupatikana kuwa tasa.

Kama mwalimu wako atakwambia uendelee na inayofuata, 2⁶⁴ + 1, yenye tarakimu 20, zana zako ni zilezile. Sharti linakuwa 256k + 1. Kigawo chake kidogo ni 274,177, yaani 256 × 1,071 + 1, na Fortuné Landry alikitangaza mwaka 1880. Kukitafuta ni kazi ndefu, kukihakiki ni mistari miwili. 2³² = 4,294,967,296 ukigawanya kwa 274,177 inaacha 258,768, ambalo ni sawa na −15,409. Kisha 15,409² = 237,437,281, na 274,177 × 866 = 237,437,282. Baki ni −1.